Utani juu ya lugha ya kurasa za michezo Tanzania

Utani juu ya lugha ya kurasa za michezo ni desturi ya wasomaji wa Tanzania ya kuwacheka na kuwaiga waandishi wa habari za mpira wa miguu kutokana na namna yao ya kuandika. Desturi hii hukaa jirani na utani wa jadi wa mashabiki wa Simba na Yanga, lakini si kitu kimoja. Katika utani wa jadi shabiki humcheka shabiki mwenzake. Katika huu, mashabiki wa pande zote mbili husahau ugomvi wao kwa muda na kumcheka mwandishi.

Wanaolengwa ni waandishi wa magazeti ya michezo kama Mwanaspoti na Championi, wale wa kurasa za nyuma za magazeti ya kila siku, pamoja na wachambuzi wa redio na televisheni, ambao baadhi yao huandika safu magazetini pia. Kinachochekwa ni vichwa vya habari vyenye damu nyingi kuliko machinjio, misemo inayorudiwa kila wiki, utabiri unaobadilishwa baada ya mechi, na mazoea ya kuandika kana kwamba nchi nzima ina timu mbili tu. Jambo hili la mwisho ndilo linalouma zaidi nje ya Dar es Salaam. Mfano wake ulio wazi ni mechi ya tarehe 29 Novemba 2022 huko Ubaruku, karibu na Rujewa, mji ambao ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali katika Mkoa wa Mbeya.

Asili

Lugha ya mpira ilikomaa redioni kabla ya magazetini. Kwa miongo mingi Watanzania wengi waliufuata mpira kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na mtangazaji alikuwa na kazi ya kumwonyesha msikilizaji uwanja ambao hajawahi kuuona: goli la kaskazini, goli la kusini, upande wa jukwaa kuu, mpira uko wapi na nani anaukimbilia. Mtangazaji mwenye kipaji aliweza kuufanya mchezo uliodorora usikike kama vita. Aliyekuwa uwanjani na aliyekuwa na redio walipokutana jioni, ilikuwa kama waliona mechi mbili tofauti, na ya redioni ndiyo iliyokuwa tamu zaidi.

Magazeti yaliurithi mtindo huo. Wakati wa chama kimoja habari za michezo zilipata nafasi ya kiasi katika magazeti kama Uhuru, Mzalendo na Mfanyakazi. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992 magazeti ya watu binafsi yaliongezeka upesi, na baadhi yalijikita katika michezo peke yake. Ushindani ukahamia ukurasa wa kwanza.

Ukurasa huo una wasomaji wa aina tatu. Wa kwanza hununua gazeti. Wa pili husimama mbele ya meza ya muuza magazeti, mikono nyuma, na kusoma vichwa vyote bila kutoa hata senti. Wa tatu yuko mbali na husikia vichwa hivyo vikisomwa redioni asubuhi. Rujewa kwa muda mrefu ilikuwa na wengi wa kundi la tatu. Magazeti huchapwa Dar es Salaam, na kutoka huko hadi bonde la Usangu ni safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 600. Gazeti lilipofika, matokeo yalikuwa yameshajulikana na kichwa chake kimeshachambuliwa kijiweni. Anayesikia kichwa cha habari bila kusoma habari yenyewe hubaki na maneno tu, na maneno yakishabaki peke yake ni rahisi kuyaiga.

Msamiati na sarufi

Katika Kiswahili cha kawaida timu hushinda au hufungwa. Katika kurasa za michezo vitenzi hivi viwili hutumika pale tu vingine vinapokwisha. Timu huua, huchinja, hunyonga, huchapa, hutoa dozi, hushusha kipigo. Mfungaji hucheka na nyavu, huzitikisa au huzifumania. Mechi ni mtanange, kipute, patashika, mnyukano au vuta nikuvute, hata ikiisha 0-0 na makipa wakarudi nyumbani na jezi safi. Mchezaji mpya ni kifaa, mashine au jembe. Mahali kama Usangu, ambako watu wanaishi kwa kulima mpunga, neno jembe lina utani wake: kila Julai klabu hutangaziwa majembe matano, na kufikia Desemba hakuna hata moja lililogusa udongo.

Vichwa vya habari vimehifadhi pia wakati wa -a-, ambao katika mazungumzo ya bara umepungua sana. Gazeti huandika "yaua", "wafa", "atua", "aula". Hakuna mtu anayerudi nyumbani akamwambia mkewe "Yanga yafungwa". Atasema "Yanga wamefungwa". Kwa sababu hiyo anayetaka kuigiza gazeti hahitaji zaidi ya kubadili kitenzi. "Baba alala njaa, mama agoma kupakua" ni habari ya kawaida ya nyumbani iliyovishwa jezi.

Upatanisho wa kisarufi nao una mambo yake. Katika habari moja Simba inaweza kuanza kichwani ikiwa klabu ("Simba yaua"), ikaendelea katika aya ya tatu ikiwa kundi la watu ("Simba walicheza vizuri kipindi cha kwanza"), na kumalizikia katika kichekesho cha pembeni ikiwa mnyama ("Simba kanyolewa sharubu"). Kwa lugha ya darasani hizo ni I-ZI, kisha A-WA ya wingi, kisha A-WA ya umoja. Mwanafunzi akifanya hivyo katika insha moja angezungushiwa kalamu nyekundu mara tatu. Hata hivyo matumizi haya si uzembe mtupu, kwani kila umbo lina kazi yake, na msomaji hachanganyikiwi.

Ni haki kusema kwamba kurasa hizohizo zimekifanyia Kiswahili kazi kubwa. Mlinda mlango, mshika kibendera, kuotea, mpira wa adhabu, dakika za nyongeza, kiungo mkabaji na benchi la ufundi ni maneno yaliyoenea nchi nzima kupitia redio na magazeti haya. Walimu wa sekondari wanamjua vizuri mwanafunzi anayedai kwamba riwaya ya kurasa 100 ni ndefu mno, huku akisoma kurasa zote za gazeti la michezo hadi matangazo.

Misemo isiyostaafu

Sehemu inayochekwa zaidi ni misemo inayorudi kila wiki bila kubadilika. "Pointi tatu muhimu" ndiyo maarufu kuliko yote. Timu zote huzifuata pointi tatu muhimu, na bado haijapatikana timu iliyosafiri kwenda Songea kufuata pointi tatu zisizo na umuhimu. Kocha daima "amekiri mechi itakuwa ngumu" na "ameahidi ushindi" katika sentensi moja. Wachezaji daima "wako fiti na wana morali ya juu", hadi wanapofungwa. Hapo msomaji huambiwa kwamba nusu yao walikuwa majeruhi. Dakika 90 ndizo "zitakazoamua". Nyasi "zitaumia". "Hapatoshi" huandikwa hata kwa uwanja uliojaa nusu.

Misemo hii huzaliwa na ratiba ya kazi. Mwandishi anatakiwa kujaza ukurasa kila siku, mechi ni mara moja au mbili kwa wiki, na kocha anayehojiwa hana la kusema wala hataki kulisema. Siku tano kati ya saba hakuna habari, na ukurasa hauwezi kutoka mweupe. Msemo ulio tayari ni kama tofali la kuchoma: unashikika, una ukubwa uleule, na ukuta unasimama.

Wakati wa usajili hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna mechi kabisa. Mchezaji mmoja huweza kuandikwa asubuhi kuwa amemalizana na Simba na jioni kuwa ameonekana mitaa ya Jangwani. Wasomaji hucheka, lakini ukweli nao umewahi kuwasaidia waandishi. Mwaka 2020 Bernard Morrison kutoka Ghana alihama Yanga kwenda Simba katikati ya mzozo wa mkataba, na mwaka 2022 akarudi Yanga. Mwaka 2021 Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba na mwenye ulimi mkali kuliko wote dhidi ya Yanga, alihamia Yanga. Mwaka 2024 Clatous Chama naye akavuka. Baada ya mambo kama hayo, kumcheka mwandishi kwa kutunga kunahitaji tahadhari.

Wachambuzi

Mchambuzi anatofautiana na mwandishi wa habari kwa kuwa kazi yake ni kueleza kwa nini jambo limetokea. Utani wa wasomaji juu yake ni kwamba hueleza vizuri zaidi likishatokea. Timu ikishinda, ilikuwa na uchu, njaa ya mafanikio na uzoefu. Ikifungwa, wachezaji walelewale siku nne baadaye walikosa uchu, njaa na uzoefu. Mshambuliaji akikosa bao ana mikosi. Akifunga kwa kisigino bila kukusudia ana akili nyingi. Maelezo ya namna hii hayawezi kukosea, kwa sababu yanasubiri matokeo kwanza.

Malalamiko hayo si ya Tanzania peke yake, na hayakuanzia kwenye mpira wa miguu. Marekani yamekuwapo kwa zaidi ya karne moja katika besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ambao Tanzania huchezwa katika shule chache na hupata nafasi ndogo sana magazetini. Ring Lardner (1885–1933) alikuwa mwandishi wa safu za michezo mjini Chicago. Mwaka 1914 alianza kuchapisha barua za kubuni za mchezaji mmoja wa besiboli mwenye majivuno, tahajia mbovu na visingizio visivyokwisha. Zilikusanywa katika kitabu You Know Me Al mwaka 1916. Safu za wakati ule ziliwachora wachezaji kama mashujaa, na Lardner, aliyesafiri nao kwenye treni, alionyesha kwamba walikuwa vijana wa kawaida, baadhi yao bahili na waoga.

Bill James alitumia njia nyingine. Alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha kusindika maharage huko Kansas, na kuanzia mwaka 1977 alichapisha kila mwaka kijitabu cha takwimu za besiboli. Waandishi wa safu walikuwa wakisema kwamba mchezaji fulani "ana moyo" au "anajua kushinda". James alihesabu, na mara nyingi hesabu ilikataa. Kwa muda mrefu waandishi walimwona kama mtu asiyejua mchezo. Baadaye klabu zenyewe zikaanza kuajiri watu wa hesabu, na James mwenyewe aliajiriwa na Boston Red Sox mwaka 2003.

Tanzania bado iko karibu zaidi na Lardner kuliko James. Silaha ya msomaji dhidi ya mchambuzi ni kuigiza sauti yake kijiweni, pamoja na kumbukumbu: daima yupo mzee mmoja anayekumbuka mchambuzi alitabiri nini wiki iliyopita.

"Timu za mikoani"

Kuna msemo mmoja ambao nje ya Dar es Salaam hauchekwi kwa kicheko chepesi, nao ni "timu za mikoani". Katika kurasa za michezo msemo huu una maana ya timu zote zisizotoka Dar es Salaam. Kisheria na kijiografia Dar es Salaam ni mkoa kama Mbeya au Iringa, una mkuu wa mkoa na wilaya zake. Kwa lugha ya magazeti, hata hivyo, Dar es Salaam ni nchi, na mikoa ni mahali ambapo Simba na Yanga huenda mara moja kwa mwaka "kusaka pointi tatu muhimu" katika "viwanja vigumu".

Timu hizo hupewa majina ya utani ya kupendeza: Wagonga Nyundo (Mbeya City), Wajelajela (Tanzania Prisons), Wanapaluhengo (Lipuli ya Iringa), Wagosi wa Kaya (Coastal Union), Wauaji wa Kusini (Namungo). Majina hayo huleta ladha ukurasani, lakini mara nyingi huwa ndiyo habari yote. Mchezaji wa Simba akiumia kidole msomaji ataambiwa ni kidole gani. Kikosi kizima cha timu ya mkoani kinaweza kumaliza msimu bila msomaji kujua jina la beki wake wa kulia.

Matokeo yake ni kwamba kila timu ya mkoani inapofanya vizuri huandikwa kama muujiza. Nyanda za Juu Kusini zimefanya "miujiza" ya kutosha. Tukuyu Stars ya Wilaya ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Mbeya City, katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu (2013/14), ilimaliza ya tatu, juu ya Simba. Lipuli ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2019 na kufungwa bao moja na Azam. Jambo linalojirudia mara nyingi hivyo lingestahili kupewa jina jingine.

Mechi ya Ubaruku

Ihefu ni jina la eneo la kinamasi katika bonde la Usangu, ambalo maji yake hulisha Mto Ruaha Mkuu. Timu iliyobeba jina hilo, Ihefu FC, iliitwa Mbogo Maji na ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2020/21, ikashuka, kisha ikarudi msimu wa 2022/23. Uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Highland Estates, Ubaruku, wenye jina la shamba kubwa la mpunga la huko. Kwa wakazi wa Rujewa, Ubaruku, Igawa na Chimala, kuona Ligi Kuu kulikuwa kumekuwa na maana ya safari ya kwenda Mbeya mjini. Sasa ligi ilikuja yenyewe mashambani.

Yanga ilifika Ubaruku ikiwa haijafungwa katika mechi 49 za ligi, tangu ilipolala mbele ya Azam Aprili 2021. Idadi hiyo ya 49 ilikuwa imewafurahisha sana waandishi, kwa kuwa inalingana na ile ya Arsenal ya Uingereza, ambayo nayo ilikaa mechi 49 za ligi bila kufungwa hadi ilipopoteza kwa Manchester United Oktoba 2004. Kabla ya mechi ya Ubaruku mazungumzo yote yalikuwa juu ya mechi ya 50.

Yannick Bangala aliifungia Yanga kwanza. Never Tigere, kiungo kutoka Zimbabwe, alisawazisha kwa mpira wa adhabu, na katika kipindi cha pili Lenny Kissu akafunga la pili. Ihefu 2, Yanga 1.

Kilichofuata ndicho kilichowapa wasomaji wa Mbarali utani wao. Katika maandishi mengi ya siku zile mhusika mkuu wa mechi hiyo alikuwa aliyefungwa: rekodi ya Yanga imevunjwa, kocha Nasreddine Nabi amekosea wapi, safari ilikuwa ndefu kiasi gani, Simba wamefurahi vipi. Kisarufi, Ihefu ilikuwa mtenda aliyefichwa na kauli ya kutendwa. "Yanga yafungwa" ni sentensi kamili isiyohitaji kumtaja aliyefunga. Mashabiki wa Simba nchini kote walisherehekea kwa jina la Ihefu, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kujiuliza Ubaruku iko wapi.

Ziko sababu za kitaaluma za kuandika hivyo. Gazeti huuzwa kwa mamilioni ya mashabiki wa Yanga na Simba, si kwa wakulima wa wilaya moja, na kuvunjika kwa rekodi ya mechi 49 ni habari kwa kipimo chochote. Lakini maswali ya mpira wenyewe, kama vile Ihefu ilijipanga namna gani na ilifanya nini dhidi ya timu ambayo miezi michache baadaye ilitwaa ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, yalipata nafasi ndogo kuliko visingizio vya walioshindwa.

Jibu lilikuja uwanjani. Tarehe 4 Oktoba 2023 Yanga ilirudi Ubaruku na ikafungwa tena, na tena kwa 2-1. Safari hii hapakuwa na rekodi ya kuizungumzia, na wale walioieleza mechi ya kwanza kuwa bahati walilazimika kutafuta neno jingine.

Katikati ya msimu huohuo wa 2023/24 Ihefu ilihamisha mechi zake za nyumbani kutoka Ubaruku kwenda Uwanja wa Liti mjini Singida. Machi 2024 Yanga iliifunga 5-0 jijini Dar es Salaam, na neno kisasi likapata kazi. Msimu wa 2024/25 timu ilisajiliwa kwa jina la Singida Black Stars. Kuhama huko kuliandikwa zaidi kama habari ya usajili: nani anakwenda Singida, nani anabaki, kocha ni nani. Uwanja wa Highland Estates ukabaki bila Ligi Kuu, na wanaotaka kumwona Mnyama au Wananchi wakicheza ana kwa ana wakarudia safari ya Mbeya mjini.